Shajara ya mradi: bustani ya ukingo wa kijito kwa fedha za umma

12 Novemba 2022: Mkutano wa mtaa

Eneo letu ni ukingo wa kijito kinachomwaga maji Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Urefu ni mita 140, na upana, kutoka kwenye maji hadi kuta za nyumba za kwanza, ni kati ya mita 18 na 25. Kwa miaka mingi pamekuwa jalala: pampasi, maganda ya nazi, mabaki ya zege la watu wanaojenga, na viroba vinavyotupwa usiku na wasioonekana mchana. Jina la mtaa na la manispaa sitaliandika. Maofisa huhama, vyeo vinabaki, na anayetaka kuiga kazi hii anahitaji vyeo.

Kuna aliyeuliza kwa nini tusisubiri mradi mkubwa. Benki ya Dunia imeidhinisha mwaka huu mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na michoro yake ina bustani kubwa ya mji pale Jangwani. Lakini Jangwani iko chini, karibu na bahari. Sisi tuko juu, kwenye kijito ambacho hakimo kwenye ramani hiyo, na taka zetu ndizo zitakazokwenda kukaa kwenye bustani yao. Mkutano ukakubali tuanze.

Swali lililochukua muda mrefu ni la umiliki. Mtendaji wa mtaa alikuja na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kusoma kifungu cha 57: ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, haziruhusiwi shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya ukingo. Kwetu hilo lilikuwa jema, kwa sababu hakuna atakayejitokeza na hati akidai fidia. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Sawa mwanangu, ila mita 60 zinafika chumbani kwangu." Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Milango ya fedha tuliyoiorodhesha siku hiyo:

Wa kwanza ni mapato ya ndani ya manispaa. Mradi unaibuliwa na mkutano wa mtaa, unapanda kamati ya maendeleo ya kata, unaingia baraza la madiwani, kisha unakwenda TAMISEMI na Bunge la bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na ukichelewa kuingia kwenye makadirio ya kata mwishoni mwa mwaka, umepoteza mwaka mzima. Ndiyo maana tulikutana Novemba.

Wa pili ni mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati yake huongozwa na mbunge, na hupenda kazi ambayo wananchi tayari wameianza kwa nguvu zao. Fedha zake ni ndogo lakini hazina mlolongo mrefu.

Wa tatu, ule wa asilimia 10 za halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, tuliufunga wenyewe. Ile ni mikopo. Haina riba, lakini inarudishwa, na bustani haina cha kurudisha.

21 Januari 2023: Mchoro wa kwanza umekataliwa

Mchoro wetu ulikuwa na njia ya kutembea, mabenchi, uwanja mdogo wa watoto, kibanda cha soda na choo. Choo tulikiweka mita 20 kutoka kwenye maji kwa sababu ndipo palipo wazi. Ofisa mazingira alitazama karatasi kwa muda usiozidi wa kunywa maji, akaweka kalamu juu ya choo: shimo la choo ndani ya mita 60? Hapana. Kibanda cha matofali nacho? Hapana. Mabenchi na njia ya changarawe? Hayo yanawezekana, hayazuii maji kupita na hayachafui.

Sheria ile ile iliyotupa ardhi ndiyo imetunyang'anya choo. Na bustani bila choo, kila mmoja wetu anajua inageuka nini baada ya wiki mbili.

Ufumbuzi ulipatikana ndani ya mtaa. Ofisi ya serikali ya mtaa ina choo cha zamani kilichofungwa kwa kufuli, kipo upande wa pili wa barabara, nje kabisa ya mita 60. Tukakitoa choo kwenye mchoro wa bustani na kukiandika kama mradi mdogo wa pembeni: "ukarabati wa choo cha ofisi ya mtaa". Kibanda tukakibadilisha kuwa eneo la mama lishe wenye meza za kuhamishika. Mchoro wa pili ulipita bila neno.

Anayeiga: pima mita 60 kabla hujamlipa mchoraji. Mchoro uliokataliwa ulitugharimu 150,000, wa pili 80,000 kwa kuwa ni marekebisho.

4 Machi 2023: Rangi nyekundu

Hapa mradi nusura ufe, na wala si kwa sababu ya fedha.

Mpima wa manispaa alikuja kuweka mipaka. Alikuja na kopo la rangi nyekundu, akaanza kuweka alama kwenye mawe na kwenye kona za kuta mbili ili baadaye aone mstari wake. Kwa mgeni, rangi ni rangi. Kwa mkazi wa bonde la Msimbazi, nyekundu ukutani ni X, na X ni bomoabomoa. Mwezi Desemba 2015 nyumba za kule Mkwajuni, Kinondoni, zilivunjwa kwa mtindo huo, na baadhi ya wapangaji waliohamia kwetu walitokea huko huko. Kabla mpima hajafika katikati ya eneo, wanawake walikuwa wametoka nje na watoto, na kijana mmoja alishakwangua alama ya kwanza kwa panga.

Mwenyekiti wa mtaa alisimamisha kazi. Jioni tulipita nyumba kwa nyumba, tukimtanguliza yule mzee wa mita 60, kwa sababu kama yeye hana wasiwasi, nani atakuwa nao? Tulikubaliana mambo mawili, na yameandikwa kwenye muhtasari. Kwanza, mpaka wa bustani unaishia mita moja kabla ya ukuta wa nyumba yoyote, na mradi huu hautatumika kama ushahidi wa kumwondoa mtu. Pili, alama zote zitakuwa vigingi vya mbao vilivyopakwa bluu, ardhini, hakuna kugusa ukuta wa mtu.

Mpima alirudi wiki iliyofuata na kopo la bluu. Mafuta ya gari na posho: 300,000, michango ya wakazi. Rangi: 14,000.

Ningeshauri yeyote anayefanya kazi ya ukingo wa mto mjini aulize kwanza watu wa pale waliwahi kufanywa nini, na kwa rangi gani.

17 Juni 2023: Usafi umekamilika

Taka zimeondolewa kwa nguvu za wananchi Jumamosi hadi Jumamosi. Lori la kupeleka dampo la Pugu Kinyamwezi ni 150,000 kwa safari, na hapo ndipo michango yetu iliishia. Maguta yalifanya kazi ya kutoa taka ukingoni hadi barabarani.

Mfuko wa jimbo umetupa mifuko 60 ya saruji. Wanatoa vifaa, hawatoi fedha taslimu. Saruji ikihifadhiwa vibaya inaganda, kwa hiyo iko juu ya mbao ndani ya stoo ya ofisi ya mtaa, na ufunguo uko kwa mama mweka hazina wetu, ambaye humpi maneno akakupa ufunguo.

Kutoka manispaa: bajeti ya 2023/24 imepita na sisi tumo. Shilingi 18,000,000, kasma (fungu la bajeti) ya maendeleo, "uboreshaji wa eneo la wazi kando ya kijito".

30 Septemba 2023: Kutengwa na kutoka

Julai tulidhani tuna milioni 18. Mweka hazina wa manispaa alitueleza kwa upole kwamba fedha iliyotengwa ni ruhusa ya kutumia, si fedha. Fedha hutoka kadiri makusanyo yanavyoingia, na bustani hupangwa nyuma ya madarasa na zahanati. Sina ugomvi na mpangilio huo. Tatizo ni kwamba tulikuwa tumepanga kazi zote kwa mfuatano mmoja, kana kwamba milioni 18 zitaingia siku moja.

Imetoka 7,500,000. Tumevunja kazi vipande vitatu, kila kimoja kikamilike chenyewe hata kingine kisipokuja: kona ya mto kwanza, kisha njia na mabenchi, mwisho uwanja wa watoto.

Ununuzi umetuchelewesha. Manunuzi ya umma sasa yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, na fundi wetu, mtu mwenye mkono mzuri kuliko wote mtaani, hana TIN (namba ya mlipakodi) wala barua-pepe. Kumsajili peke yake kungechukua muda, na angeshindana na makampuni. Ofisa manunuzi ndiye aliyetuonyesha njia: sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Vijana wa mtaa wakasajili kikundi, fundi wetu akawa msimamizi wao wa kazi, na zabuni ikaangukia humo humo kwetu. Kusajili: picha, barua ya utambulisho, katiba ya kikundi, akaunti ya benki. Akaunti ndiyo iliyosumbua, maana saini zilihitaji watu watatu waliopo Dar kwa wakati mmoja.

4 Novemba 2023: Gabioni zimesimama

Kona ya mto ndipo maji hupiga. Tumeweka masanduku 14 ya gabioni, yaani masanduku ya waya yanayojazwa mawe, kila moja mita 2 kwa 1 kwa 1, safu mbili, moja juu ya nyingine, jumla ya mita 14 za ukingo.

Matumizi ya 7,500,000: masanduku 14 kwa 140,000, sawa na 1,960,000, mawe malori 6 kwa 280,000, sawa na 1,680,000, fundi na vibarua 1,450,000, njia ya changarawe na mabenchi 2,410,000. Mfuko umeisha.

Miche 200 tuliyopanda Januari imekufa karibu yote. Ilipandwa kiangazi, na iliyosalia ililiwa na mbuzi.

9 Desemba 2023: Gabioni zimelala

Vuli ya mwaka huu si vuli. Mvua za El Niño zimepiga kuanzia Novemba, na kijito ambacho kiangazi unakivuka bila kuvua viatu kimepanda hadi kwenye njia yetu. Maji yaliposhuka, masanduku tisa kati ya 14 yalikuwa yameinamia mtoni. Mengine yamepasuka waya na kumwaga mawe.

Kilichotokea tulikichunguza vizuri, kwa sababu kila mtu ana nadharia yake na nyingi zinasingizia mawe. Mawe hayakuwa na kosa. Masanduku yalikaa juu ya mchanga. Maji yalipita chini yake, yakachota mchanga, na uzito wenyewe wa mawe ukayaangusha.

Kuna vijana wanaochimba mchanga kwenye kijito hiki. Ni kazi isiyoruhusiwa, na tangu mwanzo tulikuwa tunawaona kama maadui wa mradi. Mmoja wao alisimama pembeni tukikagua, akaniambia, "Kaka, hapo mlijenga juu ya uji." Akachukua kipande cha nondo ya milimita 12, akashuka kwenye maji hadi magotini na kukiegemea kwa kiganja kimoja. Nondo ikaingia kama kijiko, robo, nusu, mpaka ngumi yake ikagusa maji. Akasogea hatua nne upande wa juu, akaegemea tena. Pale iliingia kama urefu wa kiganja, ikagota, na tukasikia mlio wa chuma kwenye kokoto. "Hapa ndipo pana ardhi," akasema. Kona tuliyokuwa tumeichagua kwenye karatasi ilikuwa shimo la zamani la mchanga lililojazwa na taka na tope.

Tumepima kona nzima kwa nondo ile, kila hatua moja, na kuchora. Haigharimu kitu na inachukua asubuhi moja.

2 Machi 2024: Kona imejengwa upya

Imetoka awamu ya pili, 4,200,000. Imetoka Februari, na masika yako mlangoni. Tuligombana kidogo kama tujenge sasa au tusubiri Juni. Waliotaka kusubiri walikuwa na hoja nzuri ya kiufundi. Waliotaka kujenga walikuwa na hoja ya kihasibu: tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa, na fedha isiyotumika hairudi kwetu. Hesabu ikashinda ufundi. Sipendi ilivyo, lakini anayetumia fedha za umma lazima apange kalenda mbili, ya mvua na ya hazina, na mara nyingi hazipatani.

Mabadiliko tuliyofanya:

Mstari wa gabioni umerudi nyuma mita tatu, mahali nondo ilipogota. Tumepoteza kipande cha bustani na mto umepata nafasi ya kujitanua. Msingi umechimbwa mita moja chini ya sakafu ya kijito. Nyuma na chini ya masanduku kuna kitambaa cha kuchuja, kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Safu ya juu imerudishwa nyuma nusu mita ili zifuatane kama ngazi badala ya ukuta uliosimama wima. Na mawe madogo ya duara tuliyokuwa tumeyakubali mara ya kwanza kwa sababu lori lilishafika, safari hii tumeyakataa: tumetaka mawe yenye kona, makubwa kuliko tundu la waya.

Waliochimba msingi ni wale vijana wa mchanga. Wana koleo zao, hawaogopi maji, na wanajua kuzuia kingo zisibomoke wakichimba. Baadhi wamejiunga na kikundi kilichosajiliwa. Wengine wamerudi kuchimba mchanga, ila wamehamia mbali na kona yetu.

Juu ya mteremko tumepanda vetiva, mistari mitatu, kila shina umbali wa kiganja kutoka lingine. Nyasi hii ina mizizi inayokwenda chini sana badala ya kutambaa, na mbuzi wa hapa wakipata kingine huipita. Badala ya miche ya kununua tumechomeka vipandikizi vya mkuyu, vinene kama mkono, vilivyokatwa kwenye mti wa jirani. Mkuyu hushika kwa kijiti. Vimetugharimu soda moja kwa mwenye mti.

Matumizi ya 4,200,000: masanduku 10 kwa 145,000, sawa na 1,450,000 (manne ya zamani yaliyokuwa bado mazima yalifunguliwa na kutumika tena), mawe malori 3, 840,000, kitambaa 380,000, vibarua wa kuchimba na kupanga 1,130,000, vetiva na usafiri wake 400,000.

18 Mei 2024: Masika yamepita

Mvua kubwa Aprili, kisha kimbunga Hidaya kikapita pwani mwanzoni mwa mwezi huu. Gabioni zimebaki. Sanduku moja la mwisho upande wa chini limeshuka kidogo, limekaa. Vetiva ya mstari wa kwanza imeondoka nusu, mistari miwili ya juu ipo. Changarawe ya njia imekwenda na maji, yote, na sitaweka tena changarawe sehemu inayofikiwa na mafuriko. Tumebakiza udongo ulioshindiliwa na mawe makubwa ya kukanyagia.

Mabenchi yamekuwa na balaa jingine. Manne ya chuma yameng'olewa, nadhani yamepimwa kilo kwenye chuma chakavu. Saruji ya mfuko wa jimbo ndiyo iliyotuokoa: tumemwaga mabenchi sita ya zege, mazito kiasi kwamba aliyeyasogeza anastahili kuyachukua.

Ilipofika 30 Juni, milioni 6.3 zilizobaki kati ya zile 18 hazikuwa zimetoka, na hazikutoka. Naongeza sentensi hii Julai. Uwanja wa watoto, kipande cha tatu, haujajengwa. Kwa kuwa tulikuwa tumevunja kazi vipande, hakuna kitu kilichobaki nusu.

5 Oktoba 2024: Choo na fedha zake

Choo cha ofisi ya mtaa kimekarabatiwa kwa 2,900,000 za mfuko wa jimbo. Ada ni shilingi 200. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi: ada ya choo imlipe mhudumu, imlipe mlinzi wa bustani, na ikizidi inunue sabuni.

Hesabu hiyo imekwama kwenye sheria. Choo kiko kwenye jengo la umma, kwa hiyo ada yake ni mapato ya halmashauri. Lazima ikusanywe kwa mashine ya POS, iingie kwenye akaunti ya manispaa kwa kontrol namba (namba ya kulipia serikalini), na itoke huko kwa hati ya malipo kama fedha nyingine yoyote. Mwezi wa kwanza tulikusanya kama 240,000. Zilikwenda zote. Mhudumu tulimlipa kwa mchango.

Jaribio la kwanza: makubaliano kwamba manispaa ibaki na asilimia 20 na kuturudishia 80. Kwenye karatasi ni zuri. Kwa vitendo, kurudishwa kwa fedha ndogo kila mwezi ni kazi ile ile ya saini kama kurudishwa kwa fedha kubwa, na sabuni haisubiri saini.

Jaribio la pili ndilo linalofanya kazi, na nimeliandika kirefu kwa sababu watu wa mitaa mingine wameniuliza. Mwanasheria wa manispaa alipendekeza tugeuze uhusiano. Kikundi kisiwe mkusanyaji wa mapato ya manispaa, kiwe mpangaji. Kikundi kinapanga choo kwa mkataba wa mwaka, kodi 40,000 kwa mwezi, inalipwa kwa kontrol namba. Kinachobaki ni mapato ya biashara ya kikundi, na sharti mojawapo la mkataba ni kwamba kikundi kinafanya usafi wa bustani na kumlipa mlinzi wa usiku. Manispaa inapata kodi isiyo na usumbufu, mkaguzi anaona mkataba, na mama mweka hazina ana fedha ya sabuni siku ile ile.

14 Desemba 2024: Mwenyekiti mpya

Uchaguzi wa serikali za mitaa umefanyika tarehe 27 Novemba na tuna mwenyekiti mpya. Mtendaji naye alishahamishwa. Kwa wiki kadhaa hakuna ofisini aliyejua kwamba bustani ina mkataba, mpaka au ahadi kwa wenye nyumba. Makubaliano ya vigingi vya bluu yalikuwa kwenye daftari ambalo halikuonekana.

Tulikuwa na nakala, kwa sababu mama mweka hazina hupiga picha kila karatasi kabla ya kuitoa mkononi. Tumemkabidhi mwenyekiti faili: mihtasari, mchoro uliopitishwa, mkataba, hati za malipo, ramani ya nondo. Nakala ya pili iko kata, ya tatu kwa ofisa mazingira. Yule mzee ameomba nakala ya ukurasa wa ahadi peke yake, akaiweka kwenye bahasha moja na karatasi zake za nyumba.

22 Februari 2025: Kasma ya matengenezo

Kujenga kuna kasma. Kutunza hakuna. Diwani anaweza kusimama mbele ya bango la mradi mpya, lakini hakuna anayezindua kufyeka nyasi. Nairobi walipitia hilo kwa kiwango kikubwa kuliko chetu. Marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, alisafisha ukingo wa Mto Nairobi na kuufanya bustani. Alifariki Februari 2012, na sehemu ile ikarudia gereji na taka mpaka ilipokarabatiwa upya mwaka 2020 na kuitwa kwa jina lake. Sasa iko mikononi mwa Huduma ya Misitu ya Kenya, yaani ina mwajiri anayelipa watu wa kuitunza. Bustani ile ile, mto ule ule, umma ukalipia mara mbili.

Tulipoomba fedha za matengenezo, jibu lilikuwa kwamba bustani haipo. Haimo kwenye rejista ya mali za manispaa, na kitu kisichokuwemo hakiwezi kutengewa matumizi ya kawaida. Milioni 11.7 za manispaa zimezikwa pale na kwa mhasibu pale bado ni ukingo mtupu.

Kuingia kwenye rejista kumehitaji hati ya makabidhiano ya kazi, picha, thamani iliyokadiriwa na mhandisi, na barua ya mtaa kukabidhi usimamizi. Hati ya makabidhiano haikuwahi kuandikwa kwa sababu kila awamu iliisha kabla ya ile iliyofuata kujulikana kama ipo. Imeandikwa sasa, kwa awamu zote mbili, na mhandisi amekagua. Anayeiga aidai siku fundi anapofungasha vifaa.

12 Julai 2025: Hali ilivyo

Bustani imo kwenye rejista. Bajeti ya 2025/26 ina kasma ya matengenezo, 1,800,000 kwa mwaka, kwenye matumizi ya kawaida ya idara. Haijatoka bado, tunajua sasa maana ya neno hilo. Choo kinaendelea kumlipa mlinzi.

Kwa anayetaka jumla: manispaa 11,700,000 kwa ujenzi, mfuko wa jimbo 2,900,000 za choo na saruji mifuko 60, ambayo kwa bei ya dukani wakati ule ilikuwa kama 960,000, michoro, mpima na rangi 544,000 za michango, mbali na malori ya taka. Nguvu za Jumamosi hazimo humu.

Mikuyu mitano imezidi urefu wa mtu. Watoto wanacheza mpira pale ambapo uwanja wa michezo haukujengwa na hawaonekani kuukosa, kiasi kwamba kikundi kimegawanyika kama tuombe fedha zake tena. Mimi ningezipeleka kwenye kona ya juu, ambako ukingo umeanza kulika mita chache kabla ya gabioni zetu zinapoanzia. Vijana wameshapita na nondo. Ombi la masanduku 12 na mawe, 3,400,000, litaingia kamati ya maendeleo ya kata kabla ya Novemba.